Kanali Nabwire

Dinah alikuwa na majina mawili, na kila jina lilikuwa na watu wake. Dinah lilikuwa la kanisani, la kitambulisho na la kliniki. Nabwire lilikuwa la kwao, upande wa Busia, na waliolitamka ni wale waliomjua akiwa bado anabebwa mgongoni. Wengi wao walikuwa wamekwisha kufa. Mumewe Wanzala aliliita kwa nadra, akiwa na furaha sana au akiwa mgonjwa. Tangu Wanzala azikwe huko Chekalini, nyuma ya ghala la mahindi, jina hilo lilibaki mdomoni mwa kaka mmoja tu, naye alipiga simu Krismasi hadi Krismasi.

Wanzala alikuwa dereva wa lori la jeshi. Kwa hiyo ujana wa Dinah uliishia kambini, katika nyumba za askari wenye familia, zilizopangwa kama meno, zote rangi moja. Aliamka kwa baragumu. Alisugua ngazi kabla ya ukaguzi. Alijifunza kutomuuliza mumewe anaenda wapi, na kupika ugali mwingi zaidi siku aliporudi. Humo ndimo alimolea mtoto wake wa pekee, Lynette. Wanzala alipostaafu walinunua shamba Lugari, pale Chekalini, wakalima mahindi na kufuga kuku, na baragumu ikawa kitu cha kusimulia.

Jicho la kulia lilimfia zamani, jani la muhindi lilipomchoma wakati wa kuvuna. Hakulijali sana, alibaki na la kushoto. Kisha la kushoto nalo likaanza kuingiwa na ukungu, kwanza asubuhi tu, baadaye mchana kutwa, mpaka akawa anawatambua kuku wake kwa sauti. Walimwambia ni mtoto wa jicho, na kwamba anaweza kuondolewa mjini Kakamega. Wakamwondoa. Daktari, mwanamke mpole mwenye mikono baridi, alimfunga kibandiko, akampa dawa ya matone na maagizo: usiiname, usibebe mzigo, usilie, usipande gari la barabara ya vumbi, na usiondoke mjini mpaka nikuone tena.

"Mama, nisikilize vizuri," alisema. "Hili ndilo jicho pekee ulilobaki nalo."

Hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa maana nyumba pekee aliyokuwa nayo Dinah mjini ni ya Lynette, kule Amalemba, na nyumba ya Lynette ni nyumba ya Chrispinus.

Kwa watu wa kwao, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakai chumba kimoja. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni, hawaitani kwa majina. Mmoja akiwa na kitu cha kumpa mwenzake, hukiweka chini, akasogea, mwingine ndipo akaokota. Ipo sherehe ya kulegeza mwiko huo, lakini Wanzala alikufa kabla haijafanywa, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuiulizia. Kwa hiyo siku Dinah alipoletwa na kibandiko chake, Chrispinus alichukua mswaki na suruali mbili, akahamia kwa rafiki yake Weldon. Lynette, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akimpelekea chakula kwenye duka lake la kuchapisha karatasi, akilalamika kwamba amekuwa kama mke wa mahabusu.

Hilo lilimwelemea Dinah. Kila usiku alilala akijua kuna mwanamume wa watu amelala kwenye kochi la mwenzake kwa ajili yake.

Jambo moja tu Chrispinus hakuliacha, nalo ni mchezo wa Jumamosi. Dukani alichapisha kadi za harusi na ratiba za mazishi, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mchezo wa ujasusi alioutunga mwenyewe kwa Kiswahili. Haukuwa na ubao wala karata. Watu walikaa mezani; mmoja akawa mwongozaji, anayesimulia mahali walipo na wanachokiona; wengine kila mmoja akawa jasusi, akasema anataka kufanya nini; na dadu ikaamua kama amefaulu au amenaswa. Dinah alipouliza ni mchezo gani huo usio na mpira, Lynette alimjibu, "Ni kama hadithi, mama, ila wasikilizaji ndio wanaoiharibu."

Kitabu cha kwanza cha mchezo kilipendwa. Vijana wa Kakamega walikicheza, wakakipeleka Eldoret na Nairobi, na wote wakauliza swali moja: je, jasusi akiingia kambi ya jeshi? Kwa hiyo Chrispinus akaandika kitabu cha nyongeza, chote juu ya jeshi: vyeo, malango, zamu za walinzi, magari, na kisa kimoja kirefu cha kambi iliyo na msaliti ndani yake. Kilibaki kujaribiwa mezani kabla ya kuchapishwa. Na meza kubwa ilikuwa moja tu, pale sebuleni kwake.

Mpango wa Jumamosi ulikuwa hivi: baada ya chakula cha mchana, Dinah alivuka ua kwenda kwa jirani, Mwanasha, ambaye wengi walimwita Mama Laila, mama wa Kiislamu wa Mumias aliyeuza mahamri na aliyeongea kama mtu anayelipwa kwa kila neno. Akishaondoka, Chrispinus na wenzake waliingia kwa mlango wa mbele. Jioni walitoka, naye akarudi.

Jumamosi ya kulijaribu jeshi, mvua ilianguka mapema. Tena Mwanasha alipata wageni kutoka Matungu, na jikoni kwake kukawashwa kuni kwa ajili ya pilau. Moshi ukaanza kumtesa Dinah hata chini ya kibandiko.

"Hapana, hapana, jicho hilo si langu kulichoma," Mwanasha alisema. "Twende ukalale." Akamfunika kwa mwavuli, akamvusha ua, akamwingiza kwa mlango wa jikoni, akakimbia kurudi kwenye sufuria yake.

Lynette alikuwa kwenye mkutano wa wazazi shuleni. Dinah alipapasa ukuta mpaka chumba chake, akaketi kitandani. Kati yake na sebule palikuwa na pazia tu. Alijua inampasa akohoe, ili mkwe wake ajue na atoke. Alikuwa amekwisha kujaza kifua, na hapo akasikia Chrispinus anasema:

"Baragumu imelia. Ni alfajiri, kuna umande. Mnaona nyumba zimepangwa mstari, zote rangi moja. Wanawake wako kwenye bomba, wanasubiri maji, lakini hakuna anayeongea, kwa sababu malori yameondoka jana na hakuna anayejua yameenda wapi."

Kikohozi kilimfia Dinah kifuani. Hakuwahi kuisikia sauti ya mkwe wake kwa urefu huo. Ilikuwa sauti ya upole, ya mtu anayetandika kitanda. Na hilo bomba alilijua. Bila shaka Lynette alikuwa amemsimulia, na yeye akalihifadhi kama kitu cha thamani. Dinah akajiambia, nitakohoa sasa hivi. Hakukohoa.

"Mimi naingia kama muuza mboga," Weldon alisema.

"Una mboga gani?"

"Sukuma."

"Mlinzi anakwambia kambi imechoka na sukuma. Rusha dadu."

Dadu ikagongagonga mezani. Vicheko. Weldon aliruhusiwa kuingia, ila sukuma yake ilibaki langoni. Dinah alijiziba mdomo kwa leso. Alicheka peke yake gizani kama msichana aliyejificha nyuma ya mlango, na kwa muda alisahau jicho, kochi na kila kitu. Walipita bohari, walipita jiko la askari, wakakaribia ofisi ya mkuu wa kambi.

"Dirisha liko wazi," Chrispinus alisema. "Mnasikia mtu anaongea kwa simu, anauza siri ya safari ya malori. Mnaijua sauti hiyo. Msaliti ni kamanda mwenyewe. Ni Kanali Nabwire."

Meza ililipuka.

"Nabwire! Nilijua tu huyo mama!"

"Ati anakula chakula cha kambi, kumbe anaiuza!"

"Leo leo atolewe," Weldon alipaza sauti. "Nabwire hawezi kulala hapa tena!"

Dinah aliishusha leso polepole.

Alijua ni mchezo. Hakuwa mtoto. Lakini jina haliji lenyewe. Kuna aliyeketi akalichagua. Alikumbuka siku ya mahari huko Chekalini, kaka yake alivyosimama mbele ya wageni wote na kuita, "Nabwire, leta maji! Nabwire, wazee wana kiu!" Jina lilisikika mpaka barabarani. Basi mkwe wake alilijua. Na mtu aliyetolewa kitandani mwake, asiyeruhusiwa kumwambia mama mkwe hata neno moja, angesema kwa njia gani nyingine? Alikuwa amesema. Wanzala alikula kiapo cha jeshi hilo na akalitumikia mpaka magoti yakakataa, na mkewe ndiye amefanywa msaliti wa kambi.

Hakulia, kwa sababu daktari alikataza. Alivuta begi chini ya kitanda, akaanza kukunja nguo kwa kupapasa.

Mwanasha ndiye aliyemkuta, alipoleta ile dawa ya matone iliyosahauliwa kwake.

"Subhanallah. Unaenda wapi na mvua hii?"

"Chekalini."

"Na jicho?"

"Litaenda na mimi."

"Mama Lynette, daktari anakuona wiki ijayo! Jicho lenyewe moja, unataka kulifia barabarani? Nani amekukosea?"

"Hakuna aliyenikosea. Nimeelezwa tu." Na akamweleza, kwa kunong'ona, kuhusu kanali.

Mwanasha alisikiliza akiwa ameshika kiuno. Kisha akafungua pazia kiasi cha kupita mwili wake, akalifunga nyuma yake.

"Salaam aleikum, majasusi."

"Karibu, Mama Laila!" walisema kwa pamoja.

"Chrispinus, mwanangu, huyo msaliti wenu anaitwa nani?"

"Ah, umesikia?" Sauti ilijaa furaha ya mtunzi. "Kanali Nabwire. Jina zuri, sivyo?"

"Zuri sana. Limemfanya mama mkweo afunge begi."

Mvua ilisikika juu ya mabati.

"Mama... yuko ndani?"

"Yuko nyuma ya pazia hili. Ameingia kwa sababu ya moshi wangu."

Kiti kilianguka. "Buda," Weldon alisema kwa sauti ya msibani, "umeisha."

"Lakini mama anaitwa Dinah!"

"Anaitwa Dinah Nabwire."

Alichofanya Chrispinus, Mwanasha alikisimulia Amalemba nzima baadaye. Hakujitetea, hakukimbia. Aligeuka, akalipa pazia mgongo kama adabu inavyotaka, akaegemeza paji la uso kwenye ukuta, karibu na kalenda, na kutoka hapo akasema:

"Mama Laila, tafadhali mwambie mama kwamba sikujua."

"Mwambie mwenyewe. Ni pazia tu, anakusikia."

"Siwezi! Mwambie wewe!"

Mwanasha akageukia pazia. "Anasema hakujua."

"Nimesikia," Dinah alisema. "Muulize, siku ya mahari kaka yangu aliliita mbele ya watu wote. Yeye masikio yake yalikuwa wapi?"

"Anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie siku hiyo sikuwa hapo. Walinificha kwa jirani, kwenye jiko, nisionwe na wakwe kabla ya maneno kuisha. Nilikuwa na ingokho mbele yangu na moshi machoni. Sikusikia hata maombi ya kufungua."

Hilo lilikuwa kweli. Dinah mwenyewe ndiye aliyempelekea kuku huyo kwa mkono wa mtoto wa jirani.

"Mama Laila, na mimi niongeze?" Weldon aliuliza. "Huyu jamaa ametumaliza na majina. Mimi kanali nilitaka aitwe Dinah. Akaruka! Akasema hilo haliwezi kutamkwa kwenye meza hii, ni la mama. Nikasema basi Naliaka. Akasema ni shangazi yake Lynette. Nikasema Risper. Ati dada ya baba mkwe. Tumepita wanawake wote wa Lugari! Mwishowe akakuja kutoka sokoni anacheka, ati amepata jina ambalo halina mkwe wake hata mmoja."

"Ni la mama anauzanga mitumba," Chrispinus aliuambia ukuta. "Nilikuwa na hakika."

"Na mke wako ungemuuliza," Mwanasha alisema, lakini ukali ulikuwa umeanza kumtoka.

"Ningeulizaje? Mtu anaulizanga jina la mama mkwe?"

Nyuma ya pazia Dinah alikuwa ameketi na blauzi iliyokunjwa nusu mapajani. Aliligeuza neno hilo moyoni kama mtu anayegeuza sarafu ya nchi ngeni. Miaka yote hiyo mwanamume huyu hajui jina lake la kwao. Hakuthubutu kuuliza. Alizunguka majina ya ukoo mzima akiyainamia moja baada ya jingine, asije akamgusa, na ndani ya kuzunguka kwake kote akamkanyaga. Heshima yake ndiyo iliyomwangusha.

Akaanza kucheka. Alicheka taratibu, kiganja juu ya kibandiko, mabega yakitikisika.

"Analia?" Chrispinus aliuliza ukuta kwa hofu.

Mwanasha alichungulia. "Anacheka. Wee mama, usicheke, jicho! Mungu wangu, hawa watu wataniua."

"Mwambie..." Dinah alisema, akapumzika, akaanza tena. "Mwambie begi nimelirudisha. Nitakaa mpaka daktari aseme niende. Lakini na yeye arudi alale kwake. Mgongo wake si wa kochi."

"Haiwezekani, mama akiwa..."

"Kitanda cha Laila kiko wazi," Mwanasha alikata. "Mtoto yuko chuo, wageni wanaondoka kesho. Mama atalala kwangu, mchana atakaa na binti yake. Nilimwambia Lynette hivyo tangu mwanzo, akasema ni aibu mama yake alale kwa watu. Mimi nimekuwa watu? Haya, yamekwisha. Chezeni."

Walijaribu kucheza. Chrispinus aliketi tena, akafuta paji la uso, lakini kila alipofika kwa msaliti alikwama.

"Basi mlango unafunguka, na mbele yenu amesimama... yule afisa."

"Afisa gani?" Weldon aliuliza.

"Yule."

"Sema jina, buda. Kitabu ni chako."

"Weldon, nitakutoa kwangu sasa hivi."

Wenzake walikuwa wamelala juu ya meza kwa kicheko. Mwandishi alikuwa ameandika kitabu kizima, na sasa hakuweza kukisoma kwa sauti.

"Mama Laila," ilisema sauti ya nyuma ya pazia, "waambie wampe jina lingine. Na awe mwanamume. Aitwe Osundwa."

Chrispinus alishtuka. "Muulize Osundwa ni nani kwetu."

"Si mtu wenu," Dinah alisema. "Alikuwa jirani yangu kambini. Alikula jogoo wangu, akasingizia kicheche."

"Una hakika si mkwe?"

"Si mkwe wa mtu yeyote. Hakuna aliyemkubali."

Kwa hiyo jioni hiyo Kanali Osundwa alinaswa ofisini kwake, dadu ikamkataa mara zote, na majasusi wakamtembeza mbele ya wanawake wa bombani. Lynette aliporudi ameloa, alikuta mumewe mezani, mama yake nyuma ya pazia na Mwanasha katikati akila njugu, akasimama mlangoni bila kujua amsalimie nani kwanza.

Wiki iliyofuata daktari alifungua kibandiko, akalitazama jicho kwa taa yake, akalipima mara mbili. Presha ya jicho ilikuwa imepanda. Si sana, lakini imepanda.

"Ni vizuri umekuja," alisema. "Ungeondoka mjini, hili lingepanda kimyakimya, na tungekutana tukiongea mengine."

Akabadilisha dawa, akamwagiza arudi. Zilikuwa siku za kusubiri, ambazo Dinah alizipitisha kwenye kitanda cha Laila, akisikia adhana asubuhi badala ya kuku wake. Aliporudi kliniki presha ilikuwa imeshuka. Daktari aliitupa pamba ya kibandiko, akamwonyesha ukuta wenye herufi, na Dinah akazisoma kwa kushuka, moja moja, mpaka kwenye mstari ambao Lynette mwenyewe alilazimika kukunja uso.

"Sasa nenda kwa kuku wako," daktari alisema.

Nje jua lilikuwa limetoka na kila kitu kilikuwa na ncha zake: majani, waya za umeme, matope yenyewe. Dinah alisimama kwenye ngazi akijaribu kuvitazama vyote kwa pamoja. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mwanamume amesimama, amewapa mgongo.

"Yule ni nani?"

"Ni yeye," Lynette alisema. "Amefunga duka. Alisema hawezi kuchapisha kitu mpaka ajue."

Dinah akamtazama. Kwake Chrispinus alikuwa siku zote ni ukungu unaotoka chumbani yeye anapoingia. Kumbe alikuwa mrefu. Alikuwa na masikio makubwa kama ya mtoto, na vidole vyake vilipigapiga paja kama mtu anayehesabu kitu kisichoisha.

"Mwambie naona."

Lynette aliweka mikono mdomoni. "Anaona!"

Mwanamume hakugeuka. Alirusha mikono yote miwili juu, palepale kando ya barabara, mpaka mwenye bodaboda akapiga breki akidhani anasimamishwa.

"Na mwambie," Dinah alisema, "kola yake imekunjika kwa nyuma."

"Kola!" Lynette alipaza sauti.

Mkono wa Chrispinus ukapanda shingoni haraka, ukaitafuta kola, ukainyoosha.